Pumzi Kabla ya Kifua: Elimu Iwapasayo Wakazi wa Ziwani na Pwani

Wahenga walisema kwamba mfa maji haachi kutapatapa. Kwa macho ya sayansi usemi huo ni kweli kwa nusu tu. Mtu anayezama hutapatapa kwa muda mfupi, na mara nyingi hufanya hivyo kimya kimya, kwa sababu kinywa kinachotafuta hewa hakina nafasi ya kupiga ukelele. Kisha hutulia. Watu walioko ufukoni humwona ametulia wakadhani kwamba yamekwisha. Hapo ndipo penye kosa kubwa, kwani kutapatapa hukoma kabla ya uhai kukoma. Baina ya mambo hayo mawili kuna dakika chache, nazo ndizo dakika ambazo binadamu mwenzake, bila dawa na bila mtambo wowote, aweza kumrudisha.

Suala linalostahili kujadiliwa na wanasayansi, walimu na viongozi wa wananchi ni hili: je, mtu huyo wa karibu afundishwe nini? Katika miaka ya karibuni umeenea ushauri kutoka nchi zilizoendelea kwamba raia wa kawaida afundishwe kukandamiza kifua tu, na habari ya kupuliza hewa kinywani iachwe kwa wataalamu. Ushauri huo una msingi wake mzuri mahali ulikozaliwa. Lakini ukichukuliwa ulivyo na kupandwa katika mwalo wa wavuvi kando ya Ziwa Victoria, au katika kijiji cha pwani, unaweza kuwanyima watu wa mahali hapo kile hasa kinachowafaa. Makala haya yanatetea rai kwamba katika mikoa yenye maziwa, mito na bahari, pumzi ifundishwe kwanza, na kifua kifuate.

Jinsi maji yanavyoua

Ili kuielewa rai hiyo ni lazima kwanza kufahamu namna mwili unavyoshindwa. Maji yakifika kooni, koo hujifunga ili kuyazuia. Mtu hushindwa kuvuta hewa, na oksijeni iliyomo katika damu huanza kupungua. Muda si muda hupoteza fahamu, koo hulegea, na maji kiasi huingia mapafuni. Kiasi hicho kwa kawaida si kikubwa kama watu wanavyofikiri. Upumuaji husimama. Hata hivyo moyo huendelea kupiga kwa muda, ukizidi kuwa mzito na dhaifu, mpaka nao husimama kwa kukosa oksijeni. Mpangilio ni huo: pumzi hutangulia kukatika, moyo hufuata.

Hali ni kinyume kwa mtu mzima mwenye maradhi ya mishipa ya moyo anayeanguka ghafla sokoni au ofisini. Huyo alikuwa akipumua vema hadi nukta ya mwisho. Kilichotokea ni kwamba mwendo wa umeme unaouongoza moyo umevurugika, na moyo ukaacha kusukuma damu. Damu yake bado ina oksijeni ya kutosha kwa dakika kadhaa. Inachokosa ni msukumo. Ndiyo maana kukandamiza kifua peke yake kwaweza kumfaa sana kwa muda ule wa mwanzo.

Mfano wa kisima cha pampu ya mkono waweza kulifafanua jambo hili. Kwa mgonjwa wa moyo, kisima kina maji lakini mpini wa pampu umekwama. Anayeupiga mpini atapata maji. Kwa aliyezama, kisima chenyewe kimekauka. Mtu aweza kuupiga mpini kwa nguvu zake zote, lakini kitakachozunguka mwilini ni damu isiyo na oksijeni, na ubongo utaendelea kufa njaa ingawa damu inapita. Ni lazima kisima kijazwe kwanza, na njia ya kukijaza ni pumzi.

Huenda msomaji akauliza iwapo pumzi itokayo kinywani mwa mtu si hewa iliyokwisha kutumika. Ni kweli kwamba imetumika, lakini haikumalizika. Hewa ya kawaida ina oksijeni ya kiasi cha asilimia 21, na ile inayotoka mapafuni mwa mtu mwenye afya bado ina kiasi cha asilimia 16 hadi 17. Tofauti ni ndogo kuliko inavyodhaniwa, na kiasi kilichobaki chatosha kumwokoa mwingine. Ubongo ukikosa oksijeni kabisa huanza kuharibika baada ya dakika 4 hivi. Kwa hiyo pumzi ya jirani aliye karibu ni bora kuliko mtungi wa oksijeni ulioko hospitali ya wilaya.

Safari ndefu ya elimu hii

Elimu hii haikupatikana kwa siku moja, wala haikuwa mali ya taifa moja. Mwaka 1740 Chuo cha Sayansi cha Paris kilishauri kwamba waliozama wapulizwe hewa kinywa kwa kinywa. Mwaka 1767 wananchi wa Amsterdam, mji uliojaa mifereji, waliunda chama cha kuwaokoa waliozama, na mwaka 1774 chama kama hicho kikaundwa London. Inafaa ifahamike kwamba vyama hivyo, pamoja na heshima yake, vilichanganya mambo ya kweli na ya upuuzi. Kwa miaka mingi kando ya mto Thames viliwekwa vifaa vya kupuliza moshi wa tumbaku katika njia ya haja kubwa ya aliyezama, kwa imani kwamba moshi ungemwamsha. Watu wengine walibingirishwa juu ya mapipa au kuning'inizwa kichwa chini.

Habari hiyo haikutajwa kwa kejeli. Inatajwa kwa sababu hadi leo katika mialo mingi aliyezama hubanwa tumbo, au huinuliwa miguu juu, ili atapike maji. Wafanyao hivyo si wajinga kuliko madaktari wa Ulaya wa karne ya 18. Wanafuata mantiki ile ile inayoonekana kuwa sawa, yaani kwamba maji yaliyoingia hayana budi kutolewa. Mantiki hiyo ina kasoro moja tu: kinachoua si wingi wa maji bali uhaba wa oksijeni. Kila dakika inayotumika kukamua tumbo ni dakika inayoibwa kwenye pumzi, na kubana tumbo hutoa chakula ambacho chaweza kuingia mapafuni na kuyaharibu zaidi.

Katika karne ya 19 na nusu ya kwanza ya karne ya 20 pumzi ya kinywa iliachwa kwa kiasi kikubwa, na mahali pake zikaja mbinu za kubonyeza mgongo na kuinua mikono, kama ile ya Mwingereza Edward Schafer na ile ya Holger Nielsen wa Denmark, iliyotangazwa mwaka 1932. Mbinu hizo zilifundishwa kwa askari na skauti katika nchi nyingi. Ilikuwa katika miaka ya 1950 ambapo madaktari James Elam na Peter Safar nchini Marekani walipozipima kwa vipimo. Safar aliwalaza watu waliojitolea, akawapa dawa za kuwalegeza misuli hata wasiweze kupumua, kisha akawataka watu wasio na taaluma ya utabibu wawapulizie hewa. Matokeo yalikuwa wazi: mbinu za kubonyeza mgongo hazikuingiza hewa ya kutosha, na pumzi ya kinywa iliingiza. Alionyesha pia kwamba kuinamisha kichwa nyuma na kuinua kidevu huuondoa ulimi kooni na kuifungua njia ya hewa.

Upande wa kifua, daktari Mjerumani Friedrich Maass alikwisha andika mwaka 1891 juu ya wagonjwa aliowarudisha kwa kukandamiza kifua, lakini kazi yake haikufuatwa. Mwaka 1960 William Kouwenhoven, James Jude na Guy Knickerbocker wa Baltimore walitangaza kwamba mikono miwili juu ya mfupa wa kidari yatosha kuizungusha damu. Elimu hizo mbili zikaunganishwa kuwa moja. Mwaka huo huo Asmund Laerdal wa Norway, aliyekuwa mtengenezaji wa vitu vya watoto vya kuchezea, alitengeneza sanamu ya kufanyia mazoezi, na tangu mwaka 1961 sanamu hizo zikaanza kutumika katika shule za nchi hiyo. Kwa maneno mengine, mara elimu ilipothibitishwa, ilipelekwa kwa watoto wa shule na haikufungiwa hospitalini.

Ushauri uliovuka mpaka wake

Mwaka 2008 Chama cha Moyo cha Marekani kilitoa ushauri kwamba raia asiye na mafunzo, akimwona mtu mzima ameanguka ghafla, aite msaada na kukandamiza kifua bila kupuliza hewa. Sababu zilikuwa za busara. Utafiti ulionyesha kwamba watu wengi mijini walisita kugusa kinywa cha mtu wasiyemjua na hivyo hawakufanya lolote. Tena katika miji hiyo gari la wagonjwa lenye oksijeni na mashine ya kuushtua moyo hufika kwa dakika chache. Chama hicho hakikuficha mipaka ya ushauri wake: kilieleza kwamba haukuwahusu watoto wala watu waliozama.

Lakini ushauri ukisafiri mbali, mipaka yake hudondoka njiani. Kinachofika ni picha ya mikono miwili juu ya kifua na wito mwepesi wa kukumbukwa. Sharti lililoandikwa chini yake kwa herufi ndogo halifiki. Mkufunzi anayejifunza kwa picha hiyo mjini huenda akawafundisha hayo hayo wavuvi wa Ukerewe au wapiga mbizi wa Mafia, ilhali wao ndio hasa walioachwa nje ya ushauri ule. Wataalamu wenyewe wameendelea kulisisitiza jambo hili. Miongozo ya Ulaya inataka aliyezama aanziwe kwa pumzi 5 kabla ya kifua kuguswa. Ile ya Marekani, iliyopitiwa upya mwaka 2024 kuhusu kuzama, inataka waliofunzwa waanze kwa pumzi 2. Idadi inatofautiana, lakini mpangilio ni mmoja.

Kwa nini jambo hili ni la Tanzania

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao 300,000 walikufa maji mwaka 2021, na kwamba zaidi ya asilimia 90 ya vifo vya namna hiyo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Karibu robo ya wanaokufa ni watoto wenye umri chini ya miaka 5. Mwaka huo huo Umoja wa Mataifa uliitenga tarehe 25 Julai kuwa siku ya kukumbusha ulimwengu juu ya kuzuia vifo hivyo.

Tanzania inayajua maji. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza na kuchukua mamia ya watu. Septemba 2011 ilizama Spice Islander katika safari ya Unguja na Pemba. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, na watu zaidi ya 220 wakafa. Hayo ni matukio yaliyoandikwa katika historia. Mengine hayaandikwi: mtumbwi wa dagaa uliopinduka usiku wa upepo, mtoto aliyeteleza alipokuwa akichota maji, mwanafunzi aliyevushwa mto wakati wa masika. Hufa mmoja mmoja, huzikwa, na hesabu haiwekwi.

Tarehe 6 Novemba 2022 ndege iliyokuwa na watu 43 iliangukia ziwani karibu na uwanja wa ndege wa Bukoba. Watu 19 walikufa na 24 wakaokoka. Taifa lote lilishuhudia kwamba wa kwanza kufika hawakuwa waokoaji wa serikali bali wavuvi na mitumbwi yao. Hakuna ajabu katika hilo, kwa kuwa wao ndio walioko pale usiku na mchana. Funzo lake ni kwamba kikosi cha kwanza cha uokoaji nchini kimekwisha kuwapo, nacho kina vyombo, kina nguvu, kina ujasiri, na kinayajua maji kuliko mtu yeyote. Kinachokosa ni elimu ya kile cha kufanya baada ya mtu kuwekwa juu ya mchanga.

Wako watakaosema kwamba elimu kama hii haiwezi kuzaa matunda mahali pasipo na magari ya wagonjwa wala vyumba vya wagonjwa mahututi. Hoja hiyo ni nzito na haifai kupuuzwa. Ni kweli kwamba mtu ambaye moyo wake umekwisha simama ana matumaini madogo popote alipo, na madogo zaidi akiwa mbali na hospitali. Lakini hoja hiyo ina nguvu zaidi kwa mgonjwa wa moyo, ambaye mara nyingi huhitaji mashine ya kuushtua moyo, kuliko kwa aliyezama. Aliyezama ambaye pumzi imekatika na moyo bado unapiga anaweza kurudi kwa pumzi chache tu, bila mashine. Huyo ndiye anayepotezwa na desturi ya kubana tumbo, na ndiye atakayepotezwa na mafundisho yanayosahau pumzi. Kwa hiyo, kadiri hospitali inavyokuwa mbali, ndivyo pumzi ya mwanzo inavyozidi kuwa na thamani.

Tena ushahidi kwamba pumzi huokoa katika mazingira ya Tanzania umepatikana humu humu nchini, ingawa si kwa waliozama. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 2000, wakunga na wauguzi katika hospitali 8 walifundishwa njia rahisi ya kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua: kumkausha, kumsisimua, na ikiwa bado hapumui, kumpulizia hewa kwa mfuko na barakoa ndani ya dakika ya kwanza. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2013 yalionyesha kwamba vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 47. Mtoto mchanga asiyepumua na mtu aliyezama wana tatizo moja: moyo ungalipo, hewa haipo. Wauguzi wale hawakuongezewa mitambo mikubwa. Waliongezewa ustadi wa mikono na mazoezi ya mara kwa mara.

Hofu mbili

Hofu ya kwanza ni maradhi. Tangu kuingia kwa UKIMWI, na zaidi tangu mlipuko wa UVIKO mwaka 2020, watu wameogopa pumzi ya wenzao. Ukweli ni kwamba hakuna tukio lililothibitishwa la mtu kuambukizwa virusi vya UKIMWI kwa kumpulizia mwingine hewa. Maradhi ya njia ya hewa, kama kifua kikuu, ni hatari ya kweli lakini ndogo kwa pumzi za dakika chache, na yaweza kupunguzwa kwa barakoa ndogo ya mfukoni yenye tundu la hewa la upande mmoja. Kifaa hicho kinaweza kutunzwa katika ofisi ya mwalo, kwenye kivuko na shuleni. Aidha, tofauti na mtu aangukaye barabarani katika mji mkubwa, aliyezama kijijini mara nyingi huopolewa na ndugu, jirani au mwenzi wa mtumbwi mmoja. Ni vigumu kuamini kwamba baba atasita kumpulizia hewa mwanawe iwapo anajua kwamba ndiyo tiba.

Hofu ya pili ni haya. Katika jamii zenye staha, kinywa cha mwanamume juu ya kinywa cha mwanamke, au kinyume chake, ni jambo zito. Jibu lake si kuwacheka wenye haya, ila kuwafundisha wanawake wengi kama wanaume, ili pasikosekane mtu wa kumhudumia mwingine bila fazaa. Wanawake ndio wachakataji wa dagaa katika mialo, na ndio walio karibu na watoto wachezao majini. Mashehe, mapadri na wachungaji wakielezwa jambo hili mapema watakuwa watetezi wake, maana kuokoa nafsi ni amri inayotambuliwa na dini zote mbili. Na kwa yule ambaye pamoja na yote hayo hawezi kupuliza, na akandamize kifua tu. Hilo ni pungufu, lakini si bure. Lililo ovu ni kusimama na kutazama.

Utaratibu wenyewe

Yanayopaswa kufundishwa si mengi. Kwanza, mwokoaji asife. Wengi huzama wakimfuata anayezama. Amrushie kamba, au dumu tupu la lita 20 lililofungwa vizuri kifuniko, ambalo huelea na kumbeba mtu. Au amfuate kwa mtumbwi. Kujitosa ni njia ya mwisho, na ni kwa mwogeleaji hodari tu.

Pili, aliyeopolewa alazwe chali mahali pagumu, aitwe kwa sauti na kutikiswa mabega, na wakati huo huo mtu mwingine atumwe kuita msaada na kutafuta chombo cha kwenda hospitali. Kichwa chake kiinamishwe nyuma kwa mkono mmoja juu ya paji la uso, na kidevu kiinuliwe kwa vidole vya mkono wa pili. Mwokoaji atazame kifua na kusikiliza kwa muda usiozidi sekunde 10. Kutweta kwa nadra, kama kwikwi za samaki aliyetolewa majini, si kupumua.

Tatu, kama hapumui, pua yake ibanwe, kinywa kifunikwe chote kwa kinywa cha mwokoaji, na hewa ipulizwe kwa muda wa sekunde 1 hivi, mpaka kifua kionekane kikipanda. Zitolewe pumzi 5. Kwa mtoto mchanga, kinywa na pua vifunikwe pamoja, na pumzi iwe ndogo, kiasi cha kukiinua kifua chake. Povu likitoka halina haja ya kupotezewa muda. Akitapika, ageuzwe ubavu, kinywa kisafishwe, kazi iendelee.

Nne, ikiwa hakuna dalili ya uhai baada ya pumzi hizo, kiganja kimoja kiwekwe katikati ya kifua, cha pili juu yake, mikono inyooke, na kifua kikandamizwe kwa kina cha sentimita 5 na kisichozidi 6, kwa mwendo wa mara 100 hadi 120 kwa dakika, kikiachwa kirudi juu kila mara. Kwa mtoto, kina kiwe theluthi moja ya unene wa kifua. Kila baada ya mikandamizo 30, pumzi 2. Waokoaji wapokezane kila dakika 2 kwa sababu kazi hiyo inachosha, na wasiache mpaka mtu apumue, au wataalamu wapokee, au nguvu ziishe. Akizinduka alazwe ubavu, afunikwe, na apelekwe hospitali hata akisema kwamba ni mzima, maana mapafu yaliyoingiwa na maji huweza kuharibika saa kadhaa baadaye.

Nani afundishe, na nani apime

Nchi ya Denmark iliamua mwaka 2005 kwamba elimu ya huduma hii ifundishwe shuleni, na mwaka uliofuata ikawa sharti kwa anayetaka leseni ya udereva. Idadi ya walioanguka ambao walisaidiwa na wapita njia ilipanda kutoka asilimia 21 mwaka 2001 hadi karibu asilimia 45 mwaka 2010, na katika muda huo huo walioishi siku 30 waliongezeka kutoka asilimia 3.5 hadi 10.8. Zilikuwapo juhudi nyingine pia zilizochangia, lakini hakuna anayekana kwamba watu waliofundishwa ndio waliosaidia.

Wasemao kwamba Tanzania haina uwezo wa kuwafundisha wananchi wengi kwa mpigo wanaisahau historia ya nchi hiyo. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio, kusoma na kutenda, na vyoo vikachimbwa vijijini kwa mikono ya wananchi wenyewe. Leo redio zipo, simu zipo katika mikono ya wengi, vikundi vya BMU vinavyosimamia mialo vipo, na kila kijiji kina shule. Sanamu za mazoezi ni ghali, lakini mto uliojazwa vizuri na kuwekewa chupa tupu ya plastiki ndani yake huweza kufundishia kina na mwendo wa kukandamiza kifua, na sanamu moja nzuri ya kufundishia pumzi inaweza kuzungushwa katika mialo kadhaa kwa zamu.

Taasisi za utafiti nazo zina wajibu wake. Mafunzo yasitolewe kwa matumaini tu, bali yapimwe. Ichaguliwe mialo michache ya Mwanza, Mara na Kagera, na vijiji vichache vya Pemba na Mafia. Wananchi wake wafundishwe pumzi na kifua kwa mpangilio huo. Mafunzo yarudiwe kila baada ya miezi 6, kwa kuwa ustadi wa mikono husahaulika upesi. Kila mwalo uwe na daftari. Humo iandikwe siku, saa, umri wa aliyeopolewa, muda aliokaa majini kwa kukadiria, kilichofanywa, na mwisho wake. Daftari hilo litaonyesha kama rai iliyotetewa hapa ni ya kweli au inahitaji kusahihishwa. Na hata likionyesha kwamba waliorudi ni wachache, litakuwa limeieleza serikali kwa mara ya kwanza ni wangapi wanaokufa maji katika mwalo ule, wapi na kwa nini.

Hakuna hata moja katika hayo linaloondoa wajibu wa kinga. Jaketi okozi katika mtumbwi, uzio kando ya kisima, taarifa ya upepo kabla ya jioni, na chombo kisichopakia kupita kiasi vitaokoa watu wengi kuliko pumzi zote zitakazopulizwa. Lakini kinga ikishindwa, kama itakavyoshindwa mara moja moja, pale mchangani watakuwapo watu wachache na mtu mmoja asiyepumua. Wakiwa wamefundishwa kukandamiza kifua tu, watafanya kazi ngumu yenye faida ndogo. Wakiwa hawakufundishwa lolote, watambana tumbo. Wakiwa wamefundishwa pumzi kwanza, huenda mtu huyo akakohoa.